Istilahi za Simu ya Upepo: Uhakiki wa Rasimu Moja ya Tafsiri

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu zihakikiwe kabla ya kupigwa chapa, zimo ambazo msomaji wa kawaida huzipita bila kuzitazama: maelezo ya pampu, kanuni za ghala, mwongozo wa kutunza betri. Kazi hizi hazina sifa ya fasihi wala uzito wa sheria. Hata hivyo, zimo kati yake ambazo kosa moja tu la mfasiri laweza kumpeleka mtu asikotakiwa, au kuuzuia msaada usifike unakohitajiwa. Rasimu tunayoihakiki katika makala haya ni ya namna hiyo. Ni mwongozo wa kutumia redio za mkononi za kusemezana, pamoja na mitambo inayowekwa vilimani ili kuzifikisha mbali sauti za redio hizo. Imetafsiriwa kutoka Kiingereza, nayo imekusudiwa wasomaji wasiokuwa mafundi: walinzi, madereva, wahudumu wa afya, waongozaji wa wapanda milima na askari wa hifadhi. Aliyeileta hatutamtaja, kwa kuwa shabaha yetu ni maneno, si mtu.

Huenda msomaji akauliza kama redio hizi zina kazi tena katika zama hizi ambapo simu ya mkononi imo katika kila mfuko. Jibu ni kwamba zinayo. Redio ya kusemezana haihitaji mnara wa kampuni ya simu. Humfikia kila aliyeko kwenye njia ileile kwa kubonyeza kitufe kimoja. Na wakati mtandao wa simu umezimika au umezidiwa na wapigaji, redio mbili zenye betri bado husemezana. Ndiyo maana watu wa uokoaji na wa ulinzi hawajaziacha.

Tungependa kueleza mapema kwamba rasimu hii si kazi mbovu. Kiswahili chake kimenyooka, sentensi zake ni fupi, na maneno kama kitufe cha kusemea, antena na kipaza sauti yametumiwa bila kuyumba tangu mwanzo hadi mwisho. Kasoro yake ni moja, lakini imeenea kote: mfasiri ameyachagua maneno kwa jicho. Ameyaweka kando ya Kiingereza juu ya karatasi, akaona yanalingana, akaridhika. Lakini neno la redio halisomwi. Husikiwa mara moja, katikati ya mikwaruzo, na mtu aliyechoka au aliyetaharuki. Basi hapana budi lipimwe kwa sikio kwanza, na kwa kamusi baadaye.

2. Jina la chombo chenyewe

Rasimu imekiita chombo hiki "simu ya upepo". Jina hili ni la wazee wetu, na lina uzuri wake: lilitungwa ili kueleza simu isiyohitaji waya, ambayo maneno yake yaonekana kana kwamba yanachukuliwa na upepo. Hatuna nia ya kulifuta. Lakini katika mwongozo wa matumizi lina hatari iliyojificha, nayo imo katika neno "simu". Anayetumia simu amezoea kusema na kusikia kwa wakati mmoja, na kumkatiza mwenzake apendapo. Katika redio ya kusemezana jambo hili haliwezekani. Ukibonyeza kitufe, sikio lako limefungwa. Na wawili wakibonyeza pamoja, wa tatu hasikii chochote ila mlio mkali au sauti zilizovurugana.

Kwa hiyo twaona kwamba katika kichwa cha kitabu jina "simu ya upepo" laweza kubaki kwa ajili ya wale wanaolijua, lakini ndani ya maelezo yafaa kutumia "redio ya kusemezana", na ukurasa wa kwanza useme wazi kwamba husemwa kwa zamu. Sharti la kwanza la mtumiaji ni kusikiliza kabla ya kusema. Rasimu imeliweka sharti hilo katika ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa "Adabu". Mahali pake si hapo. Kusikiliza kwanza si adabu tu. Ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu adabu, rasimu inamkataza mtumiaji salamu zote kwa neno moja. Twaelewa sababu, maana salamu zetu ni ndefu na njia ya redio ni ya watu wengi. Lakini kijana anayeanza zamu hawezi kumwita mkubwa wake kwa ukavu huo bila kuona haya, na kanuni isiyofuatika huvunjwa yote. Ingetosha kusema: shikamoo moja mwanzoni mwa zamu, kisha kazi, na penye dharura, hakuna salamu. Heshima nyingine itaonekana katika kumwita mtu kwa cheo chake, kama vile Mzee au Afande, jambo ambalo halimpotezei mtu hata sekunde moja.

3. Mtambo wa kilimani

Katika uwanda ulio wazi, watu wawili wenye redio zilizoinuliwa kiasi cha meta moja na nusu kutoka ardhini waweza kwa nadharia kusikilizana kwa umbali wa kilometa 10 hivi, kwa sababu mawimbi ya redio hizi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na mzingo wa dunia. Penye miti, majumba na vilima umbali huo hupungua sana. Ndipo mtambo wa kilimani unapohitajika. Antena yake ikiwa meta 400 juu ya uwanda, nadharia hiyohiyo humpa mtu wa chini nafasi ya kuufikia mtambo akiwa mbali kiasi cha kilometa 85. Watu wawili waliotengwa na kilima kimoja husikilizana kupitia kilele chake.

Mtambo huu rasimu imeuita "kirudia". Kwa jicho, neno ni zuri: limefuata utaratibu wetu wa kuunda majina ya vyombo kutokana na vitenzi. Kwa maana, linapotosha. Mtu akisikia kwamba chombo "kinarudia" maneno, atadhani kwamba chombo kwanza kinasikiliza, kisha kinasema. Atamaliza sentensi yake na kungoja maneno yarudiwe, na huku mwenzake aliyekwisha kuyasikia anajibu. Ukweli ni kwamba mtambo hupokea na kurusha kwa dakika ileile: husikia katika masafa fulani na papo hapo hurusha katika masafa mengine. Upo mtambo wa aina nyingine ambao hurekodi maneno kwanza na kuyatamka baadaye katika masafa yaleyale, na huo ndio ungestahili kuitwa kirudia, au hata kasuku. Tukiupa mtambo wa kwanza jina la wa pili, siku wa pili utakapoletwa tutakuwa hatuna la kuuita.

Mafundi na watumiaji wetu husema "ripita". Neno limekwisha kukaa katika ndimi zao, halifanani na neno jingine la kazi hiyo, na halidai maana isiyo yake. Twapendekeza likubaliwe, na mara ya kwanza lifafanuliwe kuwa ni mtambo unaopokea sauti katika masafa fulani na kuirusha papo hapo katika mengine. Tunajua kwamba wapo watakaotulaumu kwa kuacha neno la Kibantu na kushika la mkopo. Twawajibu kwamba ubantu wa neno ni fadhila pale linaposema kweli.

Hapa pana tatizo la pili. Neno "masafa" limetumiwa katika rasimu kwa maana mbili, wakati mwingine katika aya moja. Mara ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Mara ni umbali ambao redio yafika. Sentensi "Badilisha masafa ikiwa masafa ni makubwa" haimwelezi mtumiaji kama azungushe kidude cha redio au asogee karibu na mwenzake. Maana zote mbili zinatumika katika lugha yetu, lakini mwongozo mmoja hauwezi kuzibeba zote. Tunashauri "masafa" yaachiwe mawimbi, kwa kuwa ndivyo watangazaji na mamlaka za mawasiliano walivyozoea, na kwa maana ya pili lisemwe neno ambalo kila mtu analo: "umbali".

Tatizo la tatu ni zito kuliko haya mawili. Ripita nyingi hazifunguki mpaka zisikie mlio mwembamba, wa chini sana, ambao redio ya mtumaji huutoa pamoja na sauti yake. Redio ndogo nazo zaweza kutegwa zisitoe sauti mpaka zisikie mlio huo. Wauzaji wa redio, kwa sababu za kibiashara, huuita mlio huu kwa jina linaloashiria faragha, na mfasiri amewafuata: ameuita "namba ya siri". Mswahili akisikia namba ya siri hufikiria benki na simu yake; anajua kwamba asiye nayo haingii. Lakini mlio huu haufichi neno hata moja. Humzuia mwenye mlio huo asisikie wengine. Haumzuii mtu yeyote asimsikie yeye. Redio yoyote isiyotegwa mlio, ikiwa katika masafa yaleyale, husikia yote. Mlinzi atakayeamini jina hili atataja hewani saa ya kusafirisha fedha, na mhudumu wa afya atataja jina la mgonjwa na maradhi yake. Jina sahihi ni "mlio wa kufungulia", maana ndiyo kazi yake, na chini yake liandikwe onyo: Usemalo hewani ni la wote.

Mwisho, rasimu imetafsiri pia masharti ya leseni, na imeyatafsiri kana kwamba ni sheria yetu. Inamwambia mtumiaji kwamba leseni moja inatosha kwa familia nzima kwa miaka 10, na kwamba ataje namba yake ya wito kila baada ya dakika 15. Masharti haya ni ya Marekani, ya redio binafsi za huko ambazo ripita zake hurusha katika megahezi 462 na kupokea katika megahezi 467. Masafa hugawanywa na kila nchi kwa utaratibu wake, na aliye Tanzania au Kenya yampasa aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake. Mfasiri mwaminifu si yule anayehamisha kila neno. Penye sheria ya wenyewe, uaminifu ni kusema kwamba ni ya wenyewe.

4. Maneno ya kuitikia

Sehemu hii ndiyo iliyotushughulisha zaidi, kwa sababu maneno yake ni machache na hutamkwa kila dakika.

Neno "roja" rasimu imelifasiri kuwa "sawa". Maana ya roja ni moja: maneno yako ya mwisho nimeyapata yote. Si kukubali, si kuahidi kutenda, wala si jibu la swali. "Sawa" kwa upande wake ni neno letu tamu lisilo na mipaka: ni nimesikia, ni nimekubali, ni endelea, ni tuache hayo. Msomaji asidhani kwamba huku ni kuchambua kupita kiasi. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, Visiwa vya Kanari, ndege mbili kubwa, moja ya Uholanzi na moja ya Marekani, ziligongana ardhini katika ukungu, na watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini miongoni mwake lilikuwemo tamko la rubani ambalo lingeweza kueleweka kuwa anangoja kuruka au kwamba anaruka, na itikio la mwongozaji lililoanza na neno la kukubali la namna ya "sawa" yetu. Maneno yaliyofuata, ambayo yangeokoa roho, yalivurugika kwa sababu wawili walisema hewani kwa wakati mmoja. Baada ya hapo lugha ya marubani na waongozaji ilikazwa, na neno la kuruka likawekewa mipaka: lisitamkwe ila ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa.

Je, tuseme nini badala ya "sawa"? Tulijaribu "nimepokea", ambalo wengi wangelipendelea. Kwa jicho halina dosari. Lakini litamke kupitia redio mbovu, kisha utamke "nimepotea". Tofauti ni ya konsonanti moja, k na t, na hizi ni miongoni mwa sauti ambazo redio huzipoteza kwanza. Tukajaribu "nimesikia". Hili lasikika vizuri, lakini katika Kiswahili kusikia ni kutii pia. Mtoto asiyesikia si kiziwi. Mkubwa akiambiwa "nimesikia" atadhani amri yake inatekelezwa. Basi tumerudi kwa "roja". Ni neno la kigeni, na kwa bahati njema ugeni wake ndio unaolifaa: halina jamaa katika lugha yetu wa kulichanganya naye. Anayeahidi kutenda na aongeze neno lake: "Roja, nitatekeleza."

Kwa kukubali na kukataa, rasimu imeweka "ndiyo" na "siyo". Maneno haya yana vina sawa, na silabi idadi moja. Mwanzo ukimezwa, yanabaki "-yo" na "-yo". Waongozaji wa ndege duniani walikwisha kuliona tatizo kama hili katika Kiingereza, ambako neno refu la kukubali na lile la kukataa huishia kwa mlio mmoja, wakalifupisha la kukubali. Sisi hatuna haja ya kufupisha kitu. Tuna "ndiyo" na tuna "hapana": la kwanza silabi mbili, la pili tatu, na vokali hazifanani. Siyo tuiachie mazungumzo ya barazani.

Neno la kumwomba mtu aseme tena, rasimu imeweka "Rudia". Mtumiaji akiachia kitufe mapema kidogo, irabu ya mwisho hukatika, na linalobaki ni "Rudi". Tuchukue mfano wa dereva wa gari la wagonjwa aliye njiani, ambaye amesema jambo lisilosikika vema. Kituo kinamwomba arudie, yeye anasikia arudi, anageuza gari. Hakuna aliyekosea ila aliyechagua neno. "Sema tena" haina hatari hiyo.

Kumaliza zamu na kumaliza mazungumzo ni mambo mawili, na rasimu imeyapa neno moja: "mwisho". "Ova" maana yake ni nimemaliza, nangoja jibu lako. "Auti" ni nimemaliza, sihitaji jibu. Ndiyo maana "ova na auti", ambayo watu wameizoea katika filamu, ni kauli inayojipinga yenyewe. Wapo waliopendekeza "karibu" badala ya ova. Ni neno la heshima, lakini sikiliza: "Tembo wako nyuma ya shule, karibu." Mwenye kusikia atajuaje kama amekaribishwa kusema au ameonywa kwamba tembo wamekaribia? Tunashauri "ova" ibaki kwa zamu, na "mwisho" itumike kwa mwisho wa kweli.

5. Hesabu, saa na herufi

Katika hesabu lugha yetu ina mtego mmoja ambao mfasiri hakuuona. "Sita" na "tisa" ni maneno yenye sauti zilezile nne. Zimebadilishana nafasi tu. Penye mikwaruzo hakuna sikio litakalozitofautisha kwa hakika, na katika namba ya gari au ya njia ya mlimani, sita na tisa si kitu kimoja. Dawa yake hatuhitaji kuikopa popote. Lugha yetu ina neno la zamani la tisa, nalo ni "kenda", ambalo bado linaishi katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Hewani tuseme: saba, nane, kenda. Hili ni moja ya yale mapendekezo ambayo huonekana ya kizee mpaka siku yanapohitajika.

Kuhusu saa, rasimu imeandika "saa kumi na nne" kwa maana ya 14:00. Kwetu hiyo ni saa nane mchana, na saa kumi ni 16:00. Mtu akikosa kusikia "na nne" atafika saa mbili baada ya wakati wake. Ni afadhali tarakimu zisomwe mojamoja, bila ya neno saa: "moja, nne, sifuri, sifuri". Hapo msikilizaji atajua kwamba hii ni saa ya daftari, si ya jua.

Katika kutaja herufi, rasimu imeacha maneno ya kimataifa na kutunga ya kwetu: A ya Ali, B ya Baba, D ya Dada, P ya Papa. Nia ni njema, lakini Baba, Dada na Papa hutofautiana kwa konsonanti tu, na konsonanti ndizo zinazotoroka. Orodha ya kimataifa, ambayo usafiri wa anga uliianza rasmi mwaka 1956, ilichaguliwa baada ya majaribio ya masikio ya watu wa lugha mbalimbali. Na ibaki, angalau mpaka tutakapofanya majaribio ya kwetu.

6. Kikanushi kinachomezwa

Tumelichelewesha makusudi jambo kubwa kuliko yote. Rasimu inamwagiza mtumiaji hivi: "Bonyeza kitufe useme." Agizo hili halitoshi kwa msemaji wa lugha yoyote, kwa msemaji wa Kiswahili ni hatari.

Mtu akibonyeza kitufe, redio yake huhitaji muda mdogo kabla ya kuanza kurusha. Ikiwa anapitia ripita, nayo huhitaji muda wa kuutambua mlio wa kufungulia na kuwasha kirushio chake. Muda huo wote ni sehemu ya sekunde, lakini silabi moja nayo ni sehemu ya sekunde. Anayesema huku anabonyeza, silabi yake ya kwanza haifiki.

Sasa tutazame ukanushi wetu unakaa wapi. Hakuna, kuna. Hatuna, tuna. Hawapo, wapo. Hayupo, yupo. Haina, ina. Katika maneno haya kikanushi chote ni silabi moja, nayo ni ya kwanza kabisa. Ikimezwa, kinachobaki si neno lililovunjika ambalo msikilizaji angeomba lisemwe tena. Kinachobaki ni neno zima, safi, lenye maana kinyume. "Hakuna majeruhi" hugeuka "Kuna majeruhi", na gari la wagonjwa laondoka bure. "Hatuna maji" hugeuka "Tuna maji", na waliokwama hawapelekewi kitu. Mpokeaji hana sababu ya kushuku, na mtumaji ataapa kwamba alisema kweli, na alisema kweli.

Mfasiri aliyehamisha agizo la Kiingereza neno kwa neno hakuweza kuliona hili, maana halimo katika Kiingereza alichokisoma. Limo katika lugha anayoiandikia. Ndiyo sababu tunasema kwamba mwongozo wa namna hii hautafsiriki tu. Ni lazima uandikwe upya ndani ya Kiswahili. Msomaji asiyetuamini aazime redio mbili, ampe mwenzake moja nyuma ya ukuta, kisha aseme "hakuna" na "kuna" bila mpango, akibonyeza kwa haraka kama mtu mwenye wasiwasi. Masikio ya mwenzake yatamaliza mjadala.

Dawa ni tatu. Ya kwanza ni ya kidole: Bonyeza, ngoja kidogo kadiri ya kuhesabu moja, kisha sema. Ya pili ni ya sarufi, nayo lugha yetu inairuhusu bila kuchubuka: jina litangulie. "Majeruhi hakuna." "Maji hatuna." "Gari halipo." Hapo silabi ya kikanushi imekaa katikati, imelindwa pande zote, na kinachoweza kumezwa ni mwanzo wa jina ambao msikilizaji atauomba tena. Ya tatu ni ya mpokeaji: habari ya kukanusha airudishe kwa maneno yake, "Roja, majeruhi hakuna", ili mtumaji aithibitishe.

7. Hitimisho

Wapo wenzetu waliotuambia kwamba mambo haya ni ya waendeshaji wa mitambo, si ya watu wa lugha. Hatukubaliani nao. Fundi ataitengeneza redio ipitishe sauti. Lakini kwamba "sita" inafanana na "tisa", kwamba "sawa" haina mipaka, na kwamba kikanushi chetu kinakaa mlangoni ambako kila apitaye humkanyaga, haya ni mambo ya lugha, na asiyeijua lugha hawezi kuyaona.

Kwa muhtasari, tunapendekeza rasimu irudishwe kwa mwandishi wake pamoja na marekebisho haya: redio ya kusemezana, ripita, masafa kwa mawimbi na umbali kwa umbali; mlio wa kufungulia badala ya namba ya siri; roja, nitatekeleza, ndiyo, hapana, sema tena, ova na mwisho, kila moja kwa maana yake pekee; kenda kwa tisa; saa kwa tarakimu; jina kabla ya kikanushi; na masharti ya leseni yaandikwe upya kwa kufuata sheria ya nchi ya msomaji. Kabla ya kupigwa chapa, isomwe hewani, si mezani.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa wale ambao kazi zao ni za redio kila siku, watuletee maneno wanayoyatumia na yale yaliyowahi kuwaponza. Orodha iliyotungwa ofisini bila ya masikio yao itakuwa nzuri kuitazama tu.